Miguu ya Bi Mwanasiti

Miguu ya Bi Mwanasiti ilifika baada ya alasiri, ikasimama mbele ya kizingiti changu, na mwenyewe hayumo.

"Karibu," niliiambia. Kumwacha mgeni mlangoni bila neno si adabu, hata akiwa ni nusu ya mtu.

Haikujibu, maana haina mdomo. Ni vyuma viwili vyembamba vyenye magoti na nyayo za mpira, na juu yake mkanda mpana wa kiunoni. Mkanda ule ulimkaa mwenyewe vizuri mpaka akasahau kama ameuvaa. Sasa ulikuwa umefungwa pasipo na kiuno, umeshika hewa tupu. Mguu wa kushoto ulikanyaga kwa nguvu, wa kulia ukaburuta kidogo, kwa sababu ndivyo alivyotembea Bi Mwanasiti tangu utoto wake, na miguu ya msaada hujifunza mwendo wa anayeivaa.

Nilijitanda kanga, nikarudisha mlango, nikatoka.

"Haya, shoga. Twende."

Tukashika Njia ya Mkadi, mimi na miguu, bega langu likiwa karibu na mahali ambapo lake lingekuwa. Vivuli vya turubai vilifunguka juu yetu kimoja kimoja, kama miavuli inayofunguliwa na mtu asiye na haraka. Tulipofika kwenye nguzo ya kwanza, ile sauti ya upole ikatoka.

"Habari za alasiri, Bi Nyamvula. Habari za alasiri, Bi Mwanasiti."

"Njema," nikajibu kwa niaba yetu sote wawili.

Nguzo haina macho. Inategemea Sikio, ule ukanda uliolazwa chini ya matofali ya njia, unaosikia kila unyayo na kuutambua kama mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe katika kundi la watoto. Magari ya watu yalipoondolewa hapa Tanga, fedha zilizokuwa zikimwagwa kwenye lami ziliwekwa kwenye Mfuko wa Miguu, na Mfuko ukaamua kwamba hautamuuliza mkubwa yeyote njia ipi itengenezwe. Utasikiliza. Penye miguu ya watu utaweka kivuli, taa, benchi, bomba la maji ya kunywa, njia ya baiskeli pembeni na basi la umeme mwishoni. Pasipo na miguu, njia italazwa. Vivuli vitakunjwa, taa zitazimwa, Sikio litang'olewa na kupelekwa kwenye haja.

Ulikuwa mpango mzuri. Nasema hivyo mpaka leo. Kabla yake nilikuwa nimekaa ndani miaka, nikiogopa kuvuka barabara, na ni Mfuko ulionitoa nje.

Lakini baadaye chumvi iliingia kwenye visima vyetu. Majirani wakahamia maeneo ya juu, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja akipita kuniachia kitu: sufuria, mche wa mrehani, kuku mmoja mwenye hasira. Tukabaki Bi Mwanasiti mwisho ule na mimi mwisho huu. Sheria ya Mfuko inasema njia hukaa macho maadamu inatembewa na watu wawili. Anayetembea peke yake, kwa Mfuko, ana mazoea yake tu. Hiyo haiitwi njia.

Sasa lazima nieleze kusindikizana, maana Sikio lenyewe lilikuwa halijui.

Kwetu mgeni hatoki nyumbani kwako peke yake. Unatoka naye, mnaongea, mnaongea, mpaka mahali fulani anakwambia, "Nimefika, rudi." Hapo ndipo unapata ruhusa ya kugeuka. Asiposema, bado uko naye. Na Bi Mwanasiti na mimi tulikuwa wagumu wa kulisema neno hilo. Mimi nikienda kwake, ananirudisha hadi kwangu. Akifika kwangu, namwambia ngoja, na mimi nikurudishe. Tukifika kwake anasema, "Ala! Hivi utarudi peke yako?" Tunaanza tena.

Sikio lilipowekwa, lilitusikia tukienda na kurudi bila kufika popote, likaamua kwamba tumepotea. Wakaja vijana wawili wa huduma ya kwanza kwa baiskeli, jasho linawatoka, wamebeba maji na mablanketi.

"Bibi, mnajua hapa ni wapi?" mmoja akauliza.

"Ni mlangoni pangu," Bi Mwanasiti akamwambia. "Na wewe unajua hapo uliposimama ni wapi? Umekanyaga mchicha wangu."

Yule kijana aliomba radhi mpaka akataka kuupanda upya. Tulicheka siku nzima. Baadaye Bi Mwanasiti aliiendea nguzo, akaifundisha lile neno kama mtu anayefundisha mtoto. Sindikiza. Mtu anatoka na mwenzake, harudi mpaka mwenzake aseme amefika. Nguzo ikashukuru, na tangu hapo neno hilo likaingia kwenye Sikio, na kutoka kwenye Sikio likaingia kwenye miguu yake.

Siku ya mwisho nilimkuta amelala, uso umelowa jasho. Miguu ilikuwa barazani ikinywa jua. "Leo sikusindikizi, shoga," aliniambia. "Utanisamehe." Nikaenda peke yangu kuita watu. Walimchukua kwa machela, bila miguu yake. Akafia hospitali, akazikwa kwao Moa. Mwanawe alikuja kutoka Mwanza, akamlilia mama yake vizuri, akaniachia mkeka wake wa swala, akafunga nyumba.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kufagia baraza ya marehemu. Niliposhuka ngazi kuondoka, nikasikia nyuma yangu: tapu, shwaa. Tapu, shwaa.

Miguu ilikuwa imenyanyuka. Mgeni alikuwa anaondoka na hajasindikizwa.

Ilinileta mpaka mlangoni, ikasimama, ikangoja niseme. Sikusema. Niliurudisha mlango polepole, nikakaa nyuma yake. Ilingoja mpaka jua likaanza kupungua, kisha ikarudi kwenye baraza yake. Kesho yake alasiri ikaja tena kumaliza kazi. Na kesho yake.

Lilikuwa neno moja tu. Nililiweka kinywani kama mtoto anavyoficha peremende, nikaogopa hata kupiga mwayo.

* * *

Binti wa Mfuko alikuja asubuhi, anasukuma baiskeli. Alisimama mbali kidogo, akapiga hodi, na akangoja kujibiwa. Siku hizi wengi hupiga hodi wakiwa wameshaingia.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Salome Shemweta, mimi ni mkaguzi wa njia."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uji."

Aliupokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye kibao. Alikuwa na uso wa mtu anayelala kidogo. Aliniuliza kuhusu magoti yangu, kuhusu maji, na akampa yule kuku mwenye hasira vipande vya mhogo kutoka mfukoni mwake. Ndipo akafika alipokuwa akienda.

"Bibi, nina wasiwasi na mwenzako, Bi Mwanasiti. Sikio linamsikia kila siku, mwendo ni wake kabisa. Lakini amekuwa mwepesi mno. Kama mtoto mchanga. Anaumwa?"

Niliutazama uji.

"Amepungua," nikasema.

"Anakula?"

"Hali sana."

"Maskini." Akaongeza, "Nimepita kwake sasa hivi, nimegonga, kimya. Nikaona miguu yake iko barazani, nikajua yumo ndani amelala. Sikutaka kumsumbua. Atakubali nimletee mganga wa zahanati?"

"Hapendi waganga. Mwache apumzike."

Akaitika kwa kichwa. Aliniamini, na hilo ndilo lililoniuma. Angekuwa mkali ningemwona adui, nikalala vizuri.

"Kuna baraza la njia wiki hii," akasema akisimama. "Kule kwenye ukumbi wa stesheni ya zamani. Watu wa Mlima Chokaa wanaomba Sikio. Njooni na ninyi, mseme ya kwenu. Wewe na yeye."

Aliosha kikombe mwenyewe kabla ya kuondoka.

* * *

Alipokwenda nilifanya jambo ambalo sikudhani naliweza. Nilishona mfuko wa turubai, nikaujaza mchanga, na alasiri miguu ilipokuja nikaufungia ndani ya ule mkanda mtupu.

"Vumilia," niliiambia. "Ni kwa ajili ya njia yetu."

Magoti yake yalilia kidogo, kisha yakazoea. Tukatoka. Mchanga uliituliza miguu, ikaacha ule wepesi wa kuku, ikaanza kukanyaga kama zamani. Tapu, shwaa. Nilikwenda macho yangu chini, nikisikiliza, na nikasahau. Nasema kweli nilisahau. Nikaanza kumhadithia jinsi mrehani ulivyoota, na jinsi nilivyoota ndoto ya mama yangu akinisuka, na nilipofika mahali pa kuchekesha nikageuka kumtazama usoni.

Palikuwa na mfuko wa mchanga.

"Bi Mwanasiti," ikasema nguzo, "tunafurahi kusikia umepata nafuu."

Sikujibu kwa niaba ya mtu yeyote. Nilitembea mpaka kwake nikiwa nimefunga mdomo, nikafagia baraza isiyokuwa na vumbi.

* * *

Ukumbi wa stesheni ulikuwa umejaa watu waliokuja kwa miguu na kwa baiskeli, na baiskeli zenyewe zilikuwa zimeegemezwa nje mpaka kwenye reli zilizoota majani. Kijana mmoja alininyanyukia nikakaa. Salome alikuwa mbele kwenye meza. Aliponiona peke yangu akaangaza nyuma yangu akimtafuta mwingine, kisha akanitabasamia hivyo hivyo.

Akasimama mwanamke wa makamo, mkono wake wa kulia umefungwa kifuani kwa kanga.

"Naitwa Mwajabu, natoka Mlima Chokaa. Kwetu barabara ya malori inapita katikati ya nyumba na shule. Malori yenyewe hayana dereva, yanakwenda bandarini usiku na mchana. Hapa mjini yanapunguza mwendo kwa sababu Sikio linayaambia pana watu. Kwetu hakuna Sikio. Lori likipita Mlima Chokaa linadhani linapita porini."

"Si lina macho?" mzee mmoja akauliza.

"Lina macho, baba. Linaona mtu anapokuwa ameshafika mbele yake. Na lori lenye mzigo wa saruji, likimwona mtoto hapo, linafanya nini?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo kina mama tunapokezana. Asubuhi na mchana wawili wanasimama barabarani, wamenyoosha kanga katikati yao, pana, ili lori liione kwa mbali lidhani ni ukuta. Watoto wanapita. Mwezi uliopita upepo uliikunja kanga. Watoto walikuwa wamekwisha vuka, Mungu ni mwema. Mimi nilikuwa bado."

Akakaa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Si waliahidiwa daraja?"

"Tuliahidiwa," Mwajabu akajibu bila kugeuka. "Lipo kwenye picha. Zuri sana, lina maua. Wewe lipite."

Watu wakacheka, naye akacheka, kisha kicheko kikaisha vibaya.

Salome akaeleza kwa maneno mepesi. Mfuko haukuwa na ukanda mpya wa Sikio, wala hautaupata hivi karibuni. Uliokuwepo ungeweza tu kutolewa kwenye njia iliyolala. Walikuwa wamepita mji mzima. Njia moja tu ilikuwa karibu na kulala, na urefu wa ukanda wake ungetosha Mlima Chokaa kuanzia mlimani hadi shuleni.

"Ni Njia ya Mkadi," akasema. "Lakini haijalala. Ina watu wawili, na sheria inawalinda."

Vichwa vikageuka kunitazama. Si kwa ubaya. Walinitazama kama watu wanavyomtazama mzee, wakijiandaa kunisamehe.

"Bibi," Salome akauliza, "mwenzako hajambo? Bado mnatembea?"

"Tunatembea kila siku," nikasema.

Hakukuwa na neno la uongo ndani yake, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Mwajabu akanyanyuka tena. Nilidhani sasa atanisema, na nilitamani aniseme.

"Basi waacheni," akasema. "Mama yangu alikaa ndani mpaka akafa, kwa sababu hakuwa na mahali pa kukanyaga. Kama kuna wazee wawili katika mji huu wanatoka jioni kutembea na kuongea, mimi siwezi kusema wanyang'anywe njia. Tutaendelea na kanga zetu. Tutatafuta nzito zaidi."

Tulipotoka mvua ilikuwa inanyesha. Nilisimama chini ya paa nikiwaza jinsi ya kufika kwenye basi, mara mwavuli ukafunguka juu ya kichwa changu. Alikuwa Mwajabu, ameushika kwa ule mkono wake mzima, na bega lake la upande wa kanga liko nje linalowa.

"Twende, mama. Nakusindikiza."

"Utalowa, mwanangu."

"Nitakauka."

Tulitembea polepole. Aliyaona madimbwi kabla yangu na kunizungusha kwa kiwiko. Akaniuliza, "Huyo shoga yako yukoje?"

"Ana maneno," nikasema. "Aliwahi kumgombeza mtu wa huduma ya kwanza kwa ajili ya mchicha."

Akacheka. "Msalimie sana. Mwambie wa Mlima Chokaa anampa pole kwa kuumwa."

Kituoni basi lilikuwa limefungua milango linangoja. Mwajabu alisimama na mwavuli wake, maji yanamtiririka begani, hageuki. Nikakumbuka kwa nini hageuki. Alikuwa mtu aliyelelewa. Alikuwa anangoja nimwambie.

"Nimefika, mwanangu," nikasema. "Rudi."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi. Akaniaga, akageuka, akaenda zake. Mimi nikakaa dirishani nikimtazama mpaka basi likakata kona, na nikawa na aibu ambayo hata leo sijui niifananishe na nini. Mtu niliyemjua kwa muda wa mvua moja nilimwambia neno lake, akarudi kwa watoto wake. Bi Mwanasiti nimemnyima, na miguu yake nimeitwisha mchanga.

Niliposhuka mwisho wa Njia ya Mkadi, nikaiendea nguzo ya kwanza.

"Niitie yule binti, Salome. Mwambie aje kesho alasiri. Aje akutane na Bi Mwanasiti."

"Nitamwambia," ikasema nguzo. "Atafurahi."

* * *

Nilimkalisha Salome barazani kwangu, nikampa uji, na sikumweleza kitu. Niliona afadhali aone. Mchanga nilikuwa nimekwisha umwaga kwenye mrehani.

Tapu, shwaa. Tapu, shwaa.

Salome alisimama kumpokea mkubwa, ameshaanza kusema "shikamoo". Shikamoo ikakatika katikati. Miguu ikaja mpaka kizingitini, ikasimama. Mkanda ulikuwa mtupu, na kupitia humo niliiona njia yote ya nyuma na vivuli vyake vinajikunja.

"Tangu lini?" akauliza hatimaye.

"Tangu kabla ya masika."

"Na mimi nilitaka kuleta mganga."

"Ulikuwa mwema. Ndiyo maana nimekuita."

Akakaa. Hakunigombeza. Alinyoosha kidole akaugusa ule mkanda, mahali ambapo ngozi yake ilikuwa imelainika kwa jasho la mwenyewe.

"Kwa nini inakuja?"

Nikamwambia habari za sindikiza, na za ile siku ya mwisho, na za neno ambalo sijalisema. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama pembeni, akasema kwa sauti ndogo:

"Bibi, mimi peke yangu ndiye ninayekagua njia hii. Mwaka huu hatakuja mwingine. Ningeweza kuandika kwamba sikuja leo."

Nilimwelewa. Alikuwa ananipa zawadi kubwa kuliko zote nilizopewa na mtu mzima tangu Bi Mwanasiti aondoke, na alikuwa anahatarisha kazi yake kunipa. Nilitazama miguu. Niliona alasiri nyingine, na nyingine, vivuli vikifunguka, nguzo ikituamkia, na mimi nikisimulia mambo yangu kwa mtu asiyejibu. Sitadanganya, nilizitaka. Nilizitaka zote.

"Na ile kanga?" nikamuuliza. "Upepo ukiikunja tena?"

Akakiweka kikombe cha uji chini.

"Umekuja, mwanangu. Na umeona."

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, kama mtoto. "Miguu ni mali ya Mfuko, ikirudi kwetu itasafishwa," akasema. "Itapewa mtu mwingine, na itajifunza mwendo wake. Huu wa Bi Mwanasiti hautakuwepo tena. Nataka ujue hilo kabla."

"Nilijua utasema hivyo."

"Naweza kuizima hapa hapa, niibebe. Usiione ikiondoka."

"Usiizime. Hakuwahi kubebwa na mtu akiwa na nguvu zake. Itakwenda yenyewe."

"Haitanifuata, bibi. Kama ina kazi haijaisha, itabaki nawe."

"Najua. Twende kwanza."

Tukatembea Njia ya Mkadi kwa mara ya mwisho, mimi na miguu mbele, Salome nyuma. Nguzo ikatuamkia, nikaitikia kwa niaba ya wote. Mikadi ilikuwa imechanua na kunukia kama harusi ya jirani. Nikamwambia Bi Mwanasiti habari za Mwajabu. Nikamfikishia salamu zake na pole zake. Nikamwambia Sikio letu linakwenda kuishi Mlima Chokaa, na kwamba neno lake liko ndani ya Sikio lile, kwa hiyo watoto wa huko wakianza kusindikizana kwenda na kurudi, hakuna atakayewadhania wamepotea. Tulipofika kwake nikagusa mlango uliofungwa. Kisha nikashuka ngazi, na miguu ikashuka nami kunirudisha kwangu, kama ilivyokuwa ikifanya.

Sikuharakisha.

Mlangoni pangu nilipanda kizingiti, nikageuka. Ilikuwa imesimama pale pale pa siku zote, wa kushoto mbele kidogo, wa kulia umepumzika. Niliweka mkono kwenye mkanda. Ulikuwa na joto la jua.

Neno lilikuwa zito. Lile la kituoni lilikuwa jepesi.

"Nimefika, shoga," nikasema. "Umenifikisha. Sasa rudi."

Kitu ndani ya magoti kililegea, kidogo, kama mtu anayeshusha pumzi. Miguu ikageuka. Haikwenda upande wowote, ilisimama ikingoja kuambiwa, maana sasa haikuwa na kazi.

Salome alisogea karibu nayo. Hakuishika. Aliitazama, akanitazama mimi, kisha akasema kwa aibu, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya watu:

"Twende, bibi. Nakusindikiza."

Ikamfuata. Niliwaona wakienda bega kwa bega, yule binti akipunguza hatua zake, akijifunza kungojea ule mguu wa kulia. Vivuli vilifunguka mbele yao. Nyuma yao, kila walipopita, vilijikunja na havikufunguka tena.

Nilibaki nimesimama kizingitini. Walipokuwa wadogo nisiweze kuwaona, bado niliwasikia. Tapu, shwaa. Tapu, shwaa. Kisha tapu peke yake, shwaa imemezwa na umbali. Kisha nguzo ya mwisho, mbali, ikimuaga Bi Mwanasiti kwa jina.